Mwisho wa Njia ya Ndege Haupimwi kwa Macho

Pundanhar, katika wilaya ya Palma, ni mahali padogo pa mpakani, kaskazini kabisa ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mto Ruvuma hauko mbali, na ng'ambo ya mto ni mkoa wa Mtwara. Tangu uasi wa silaha ulipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017, jina la Pundanhar limetajwa mara kwa mara katika habari za mashambulizi, za wananchi waliohama makwao, na za majeshi yaliyopita katika njia zake. Askari aliyewahi kulinda eneo la namna hiyo anajua jambo moja ambalo ramani haionyeshi: mvua zikianza kunyesha mwishoni mwa mwaka, barabara ya udongo hugeuka tope, gari la mizigo huzama hadi kwenye ekseli, na mgonjwa au majeruhi ambaye angefikishwa hospitali kwa saa chache hulazimika kungoja. Hapo ndipo kila mtu huinua macho kutazama mbinguni.

Lakini ndege haiwi msaada mpaka iweze kutua, isimame, kisha iruke tena salama. Katika nchi zenye viwanja vikubwa, kazi ya kuhakikisha hayo ni ya wahandisi na waongozaji wa ndege. Katika maeneo ya mapambano, sehemu kubwa ya kazi hiyo humwangukia koplo wa zamu, mkuu wa kituo cha polisi au kamanda wa kombania, ambaye pengine hajawahi kukaa ndani ya chumba cha rubani. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe wazi: ndege hupitiliza mwisho wa njia yake kwa sababu gani, na hatari hiyo hupimwaje kabla haijatokea?

Ndege huweza kupitiliza kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni wakati wa kutua: magurudumu yanagusa chini mbali mno, au mwendo ni mkubwa mno, au breki hazishiki, na njia inakwisha kabla ndege haijasimama. Namna ya pili ni wakati wa kuruka: rubani amekwisha kuongeza mwendo, kisha anaona kasoro na kukata shauri la kusimama, au ndege inakataa kunyanyuka kwa sababu ya uzito. Katika hali zote mbili swali ni moja tu. Je, njia iliyobaki mbele inatosha?

Wananchi wa Afrika ya Mashariki walifundishwa somo hili kwa gharama kubwa tarehe 18 Aprili, 1972. Ndege aina ya VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililokuwa mali ya Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, ilikuwa ikiruka kutoka Addis Ababa katika safari yake ya kwenda London. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka katika ndege ndogo, na tairi likapasuka. Rubani alikatisha safari na kufunga breki. Breki hazikutoa nguvu yake yote, kwa kuwa sehemu ya mtambo wake ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikatumbukia bondeni na kushika moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walipoteza maisha.

Katika msiba huo hapakuwa na adui wala dhoruba. Palikuwa na kipande cha chuma ambacho mtu mmoja akitembea kwa miguu angeweza kukiokota, na palikuwa na kazi ya karakana ambayo jicho la pili lingeweza kuikagua. Kila kasoro peke yake ingeweza kuvumilika. Zilipokutana mahali pamoja, mita zilizobaki hazikutosha. Ndiyo maana wataalamu hawasemi kwamba ajali ya namna hii ina sababu moja. Husema kwamba mambo kadhaa hula njia kidogo kidogo mpaka inakwisha.

Hebu itazamwe hesabu yenyewe. Ndege ndogo inayogusa chini kwa mwendo wa kilometa 120 kwa saa hupita mita 33 kila sekunde. Rubani akielea juu ya njia kwa sekunde tatu kabla ya kugusa, amekwisha kupoteza mita 100 ambazo hazirudi. Na mwendo wenyewe una hila. Ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiongezeki kwa sehemu moja ya kumi, bali kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Dereva wa gari la jeshi aliyewahi kufunga breki ghafla barabarani analijua jambo hili kwa mwili wake, hata kama hajawahi kuliandika kwa tarakimu.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewahi kuwapa marubani wa ndege ndogo kanuni rahisi za kukadiria, nazo zinafaa kujulikana na kila anayelinda kiwanja cha udongo au cha majani. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, urefu unaohitajika kuruka huongezeka kwa asilimia 20. Joto likizidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi, ongeza asilimia 10. Kiwanja kikiwa juu zaidi kwa futi 1,000, yaani kama mita 300, ongeza asilimia 10 nyingine. Upepo ukivuma kutoka nyuma kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kuruka, ongeza asilimia 20. Majani yaliyolowa huongeza asilimia 30 wakati wa kuruka, na asilimia 35 wakati wa kutua. Udongo laini huongeza robo nzima au zaidi. Jambo la kukumbukwa sana ni kwamba nyongeza hizi hazijumlishwi tu. Kila moja huzidishwa juu ya nyingine.

Tuseme kuna kiwanja cha majani chenye urefu wa mita 800 mahali fulani katika nchi tambarare kati ya Palma na Nangade. Tuseme pia ndege inayokuja, kwa mujibu wa kitabu chake, yahitaji mita 400 tu kuruka. Mtu anayetazama kwa macho atasema njia ni ya kutosha mara mbili. Lakini wanaomsindikiza majeruhi wameongeza watu na mizigo, uzito umezidi kwa asilimia 10: mita 400 zimekuwa 480. Ni mchana, joto limezidi kwa nyuzi 10: zimekuwa 528. Mvua imenyesha usiku na majani yamelowa: zimekuwa 686. Bado ni pungufu ya 800, na yule mtazamaji bado ameridhika. Hata hivyo kitabu kiliandikwa kwa ndege mpya na rubani hodari wa majaribio; kwa hiyo kanuni hizo hizo zinataka hesabu yote izidishwe tena kwa theluthi moja, ili ibaki akiba kwa ajili ya injini iliyochakaa na mkono uliochoka. Sasa mita zinazohitajika ni 913. Njia haitoshi.

Dawa yake ni nini? Si lazima safari ivunjwe. Ule uzito uliozidi ukishushwa, hesabu hurudi kuwa mita 761, nayo inaenea ndani ya 800. Au safari ingoje alfajiri, wakati hewa ina ubaridi. Maana yake ni kwamba masanduku mawili yaliyopakiwa kwa upendeleo, au abiria mmoja aliyepandishwa kwa sababu ya cheo chake, aweza kuwa ndiye tofauti kati ya majeruhi kufika hospitalini na wote kuishia porini. Hesabu haijui cheo.

Mahali pengine ugumu huwa ni wa kimo. Mueda imejengwa juu ya uwanda wa Wamakonde, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, ilhali Palma iko pwani. Ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, huhitaji kwa Mueda zaidi ya humusi moja ya ziada ya urefu kuliko inavyohitaji karibu na bahari, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haiyabebi mabawa vizuri. Rubani anayefahamu hayo huuliza. Mpakiaji asiyefahamu huona kwamba rubani anajivuna.

Basi hatari ya ndege kupitiliza ina pande mbili, na kuzipima ni kazi mbili tofauti. Upande wa kwanza ni uwezekano: je, jambo hili laweza kutokea mara ngapi katika kiwanja hiki, kwa ndege hii, katika hali hii? Upande wa pili ni madhara: likitokea, ndege itakutana na nini? Watu wengi hujishughulisha na upande wa kwanza na kuusahau wa pili. Kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege hazikuusahau. Zinataka kila njia kubwa iwe na mita 60 za ardhi iliyosawazishwa baada ya mwisho wake, kisha eneo la usalama lenye urefu usiopungua mita 90 zaidi, na ikiwezekana mita 240, pasipo kitu kigumu cha kugongwa. Eneo hilo halikuwekwa kwa ajili ya kupendeza. Limewekwa kwa kukubali kwamba, pamoja na juhudi zote, siku moja ndege itapita mwisho.

Mji wa Goma, mashariki ya Kongo, unaonyesha maana ya jambo hilo. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege. Njia ilibaki fupi: upande mmoja miamba ya lava, upande wa pili nyumba za watu. Tarehe 15 Aprili, 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza na kuingia katika mtaa wa Birere wenye maduka na watu wengi. Walikufa watu wapatao 40, na walio wengi kati yao hawakuwa abiria, bali wananchi waliokuwa wakishughulika na maisha yao. Novemba 2009 ndege nyingine, aina ya MD-82, ilipitiliza wakati wa kutua katika kiwanja hicho hicho na kuishia katika lava. Mara hiyo hakufa mtu. Kosa la aina moja, kiwanja kimoja, lakini kilichokuwa mbele ya pua ya ndege kilikuwa tofauti, na idadi ya makaburi ikawa tofauti.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea Kinshasa tarehe 8 Januari, 1996. Ndege ya mizigo aina ya Antonov 32, iliyopakiwa kupita kiasi, haikuweza kunyanyuka kutoka kiwanja cha N'Dolo na ikaingia katika soko lililokuwa karibu na mwisho wa njia. Zaidi ya watu 200 waliuawa. Na isidhaniwe kwamba hayo ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 29 Desemba, 2024, katika kiwanja cha Muan, Korea ya Kusini, ndege aina ya Boeing 737 iliyotua bila magurudumu iliteleza kupita mwisho wa njia na kugonga kilima chenye zege ndani yake kilichobeba mitambo ya kuongozea ndege. Kati ya watu 181, walikufa 179. Kilima kile kilijengwa na watu wenye elimu, kwa nia njema, kusaidia ndege zitue salama.

Hapa ndipo askari wa ulinzi anapoguswa moja kwa moja. Katika maeneo ya mapambano, mwisho wa njia ya ndege ndipo mahali panapopendwa kuchimbwa handaki, kupangwa magunia ya mchanga, kutandazwa seng'enge na kuegeshwa magari, kwa kuwa ndipo adui anapoweza kutokea. Ulinzi huo ni wa haki na hauwezi kuachwa. Lakini handaki lililochimbwa mita 20 kutoka mwisho ni mtego kwa ndege yetu wenyewe. Likisogezwa pembeni, ambako bado linaona na kupiga uwanja wote, linamlinda yule yule bila kumwua rafiki. Visiki vikatwe hadi usawa wa ardhi. Njia ya miguu ya wananchi na genge la kuuzia vitu visiachwe vikasogea mbele ya njia, kwa sababu ya mazoea tu ya kwamba siku zote ndege husimama mapema.

Ipo pia hatari ya kutojua. Tarehe 18 Desemba, 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyokuwa ikienda kiwanja cha Kilimanjaro chenye njia ya kilometa 3 na zaidi, ilitua Arusha, ambako njia ilikuwa na mita 1,620 tu. Iliishia na magurudumu kwenye majani mwishoni mwa njia, na kwa bahati hakuna aliyeumia. Abiria walishukuru Mungu, nao walikuwa na haki ya kushukuru. Walakini anayepima hatari hapaswi kuihesabu bahati kama sehemu ya urefu wa njia.

Ili rubani asitue kwa kubahatisha, ni lazima aelezwe kweli. Tangu Novemba 2021 viwanja vya kimataifa hutumia utaratibu mmoja wa kutaja hali ya njia kwa namba, kuanzia 6, yaani kavu, hadi 0, ambapo breki ni kama hazipo. Kituo cha mpakani hakihitaji mitambo ili kufuata maana ya utaratibu huo. Kinahitaji mtu wa kuitembea njia yote kwa miguu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi upande wa pili. Aipime kwa kamba yenye urefu uliohakikishwa, wala si kwa hatua za mtu mrefu aliye na haraka. Aokote mawe, misumari na maganda ya risasi, akikumbuka kile kipande cha chuma cha Addis Ababa. Akanyage kwa kisigino palipolowa. Kisigino kikizama, gurudumu litazama. Atazame mfuko wa upepo, na kama haupo, afunge kitambaa juu ya mti mrefu. Kisha apeleke habari kwa redio kama zilivyo, na ataje saa aliyopima, kwa sababu mvua ya nusu saa hufuta taarifa ya asubuhi.

Kishawishi kikubwa ni kupamba taarifa. Mwenye mgonjwa anataka ndege ije. Akisema majani yamelowa na kusini mwa njia kuna shimo, anaogopa ndege haitakuja. Basi husema njia ni nzuri. Kwa maneno hayo machache amemnyima rubani nafasi ya kupunguza mafuta au mzigo, ya kuchagua upande wa kutulia, au ya kungoja jua. Taarifa ya kweli mara nyingi haizuii ndege. Huibadilisha tu namna itakavyokuja. Taarifa ya uongo ndiyo inayoleta ndege mbili mahali pa moja: ile ya kuokoa, na ile ya kuja kuwaokoa waokoaji.

Pengine patatokea siku ambayo hesabu inasema hapana, na hali inasema lazima. Vita vina siku za namna hiyo, na hakuna kanuni iliyoandikwa ofisini inayoweza kuzifuta. Lakini hata siku hiyo ipo tofauti kati ya kuikubali hatari baada ya kuipima na kuiingia kwa kufumba macho. Kamanda aliyepima atashusha kila kisicho cha lazima, ataondoa watu mbele ya njia, ataweka machepe, maji na mchanga tayari, naye atamwachia rubani neno la mwisho juu ya kuruka au kutoruka. Amri ya mkuu yaweza kuhamisha kikosi. Haiwezi kurefusha njia hata kwa mita moja.

Kwa upande wa polisi, kazi huendelea hata baada ya ndege kupitiliza. Umati hukimbilia ndege iliyoanguka, wengine kusaidia na wengine kutazama, ilhali mafuta yanavuja na cheche moja inatosha. Watu wawekwe mbali, moto na sigara vikatazwe, njia ya magari ya wagonjwa iachwe wazi, na waokoaji wafike kutoka upande upepo unakotoka. Watu wakishatolewa, mabaki yasiguswe mpaka wachunguzi wafike, kwa sababu alama za magurudumu ardhini husema mahali ndege ilipogusa na mahali breki zilipoanza kushika. Alama hizo zikikanyagwa, somo hupotea na ajali hujirudia.

Wananchi wa mwambao huu wamezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Katika mambo mengi msemo huo huwafariji waliofiwa, na hakuna haja ya kuwanyang'anya faraja yao. Lakini kwa mlinzi wa kiwanja, msemo huo usiwe kisingizio. Uzito unajulikana, joto linajulikana, urefu unapimika, tope linaonekana, na kilicho mbele ya njia kinaweza kuondolewa. Anayeyafanya hayo hatasifiwa, kwa sababu siku itakapopita salama hakuna atakayejua kilichoepukwa. Malipo yake ni ndege iliyosimama palipo na nafasi bado, na mgonjwa aliyefika kwa daktari akiwa hai.